UZI: Nimehamisha kompaila yangu kutoka laptopu kwenda simu, halafu RISC-V. Njooni muone yaliyonikuta

Nusu_Baiti (mwenye uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Tulipokuwa mwaka wa pili chuoni tulipewa kazi ya kutengeneza kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine) ya lugha ndogo iliyokopa sura ya C: namba kamili, vielekezi, safu, `if`, `while`, fanksheni, basi. Yangu niliiandika kwa C, ikawa inatema asembli (maagizo ya prosesa yaliyoandikwa kwa maneno) ya x86-64, prosesa ya laptopu yangu. Nikapata maksi zangu, nikaisahau. Mwezi wa nne laptopu ikafa. Fundi akanitajia bei ya kuifufua, nikamshukuru nikaondoka nayo kwapani. Nimebaki na simu. Kwenye simu kuna Termux, programu inayokupa mazingira ya Linux, kwenye Termux kuna Clang, kompaila ya C, nikasema nahamia humo na mizigo yangu yote.

Prosesa ya simu ni ARM64, aina nyingine. Asembli ya x86 humo ni barua iliyofika nyumba isiyo yake. Nikajipa moyo kwamba ni kazi ya jioni moja: palipo na rejista (kisanduku cha namba ndani ya prosesa) `rax` naweka `x0`, palipo na `call` naweka `bl`, nalala.

Kosa la kwanza lilinikuta kabla sijagusa hata mstari mmoja wa ARM. Nilichukua kompaila ile ile ya zamani, nikaijenga kwenye simu, nikaipa faili la mistari mitano. Kimya. Simu ikaanza kupata moto mkononi. Nikasubiri, chaji ikashuka, nikaiua. Msomaji wangu wa herufi alikuwa hivi:

```
char c;
while ((c = fgetc(f)) != EOF)
```

Kwenye x86 `char` huchukua hasi, kwa hiyo EOF, alama ya mwisho wa faili, ambayo ni -1, inaingia -1 na kutoka -1. Kwenye ARM ya Linux na Android `char` haina hasi. Inaingia -1, inatoka 255, na 255 haitakuwa -1 hadi kiama. Dawa ni kuandika `int c`, maana `fgetc` yenyewe hurudisha `int` tangu enzi. Kosa lilikuwa langu, x86 ilinisitiri tu miaka miwili.

Baada ya hapo nikaanza kutema ARM. `1+2` ikatoa 3 nikapiga kelele, jirani akagonga ukuta. Kisha mambo yakafuatana.

Kompaila yangu ni ya kivivu: kila hesabu inapita kwenye staki, rundo la kumbukumbu ambalo kilele chake kinashikwa na rejista `sp`. Inasukuma upande wa kushoto, inahesabu wa kulia, inatoa, inajumlisha. ARM64 haina `push` wala `pop`, unashusha `sp` mwenyewe. Nikaandika `str x0, [sp, #-8]!`, baiti nane kama kule nilikotoka. Programu ikaanguka hapo hapo. Kumbe ukigusa kumbukumbu kupitia `sp`, lazima `sp` igawanyike kwa 16. Sasa nashusha 16 kuhifadhi thamani ya baiti 8, nusu inapotea bure, naishi nayo.

Halafu namba. `mov x0, #65536` asembla (programu inayogeuza asembli kuwa baiti) imekubali. `mov x0, #100000` imekataa. Nilidhani simu imechanganyikiwa. Kila agizo la ARM64 lina biti 32 tu, na humo ndani lazima paenee jina la agizo, rejista na namba yenyewe. Nafasi ya namba kwenye agizo hilo ni biti 16, ambazo unaweza kuzisogeza kwa hatua za 16. 65536 ni moja iliyosogezwa, inaenea. 100000 haienei katika kipande kimoja, inabidi `movz` iweke 34464, kisha `movk` ichomeke 1 juu yake. x86 haina tabu hiyo kwa sababu agizo lake linanenepa linavyotaka, kuanzia baiti 1 hadi 15.

Baki ya kugawanya nayo haipo. x86 ukigawanya kwa `idiv` jibu linakuja `rax` na baki inakuja `rdx`, zawadi. ARM64 inakupa jibu tu, baki unaitafuta mwenyewe kwa `msub`: unazidisha jibu kwa kigawanyo, unatoa kwenye namba ya mwanzo.

Lililonitesa zaidi lilikuwa `fib(10)`, fanksheni ya namba za Fibonacci inayojiita yenyewe. Kwenye x86 `call` inasukuma anwani ya kurudi kwenye staki, ukiita fanksheni ndani ya fanksheni anwani zinapangana zenyewe kama sahani. ARM64 inaiweka anwani kwenye rejista moja, `x30`. Sikuihifadhi. Fanksheni ya ndani ikaitwa, `x30` ya zamani ikafutika, na `ret` ya nje ikarudi kwenye mstari uliofuata ule mwito wa ndani, pale pale, tena na tena. Haianguki, haisemi kitu, inazunguka tu kama mtu aliyesahau kwao. Nililala saa tisa usiku.

Sasa hivi majaribio yangu yote yanapita kwenye simu. Nataka kuongeza RISC-V, aina ya tatu ya prosesa, niijaribu kwa QEMU, programu inayoigiza mashine nyingine. Swali kwa wenye uzoefu: nipasue wapi kompaila, kati ya sehemu inayosoma lugha na sehemu inayoijua mashine, ili mashine ya tatu isinichukue mwezi mzima kama hii?

---

kaa_la_moto

Nimekaa siti ya mbele. Mimi naandika PHP, ila hii ya `x30` nimeielewa na imeniuma.

---

Mbishi Halisi

Mkuu hongera, lakini unajitesa bure. Mwaka huu wa leo nani anaandika mkia wa kompaila (sehemu inayotema maagizo ya mashine) kwa mkono? Toa IR (lugha ya katikati) ya LLVM, ule mradi wa kutengenezea kompaila, hayo ya ARM, RISC-V, x86 na mengineyo yatashughulikiwa na watu wanaolipwa. RISC-V imo rasmi tangu LLVM 9 ya mwaka 2019. Au angalia lugha ya Go: unaandika `GOARCH=arm64 go build` kwenye mashine ya x86, umemaliza, faili unalipeleka kwenye simu. Gurudumu lipo, usichonge lingine.

---

Nusu_Baiti

Mbishi, ningekuwa natengeneza bidhaa ningekusikiliza. Mimi nataka kujua ndani ya hilo gurudumu kuna nini. Halafu LLVM nzima kuijenga kwenye simu hii, labda niiweke kwenye friji.

---

Mzee wa Tepu

Vijana, nimesoma nikatabasamu. Hilo swali lako la "nipasue wapi" lina umri kunizidi hata mimi, na mimi si mtoto.

Mwaka 1958 Melvin Conway alipendekeza kitu kilichoitwa UNCOL. Hesabu yake ni ya dukani: ukiwa na lugha 5 na mashine 6, kompaila zinazohitajika ni 30. Ukiwa na lugha moja ya katikati ambayo wote wanapitia, unahitaji vichwa 5 (sehemu za kusoma lugha) na mikia 6, jumla 11. Wazo zuri, lakini UNCOL yenyewe haikupata kusimama. Kila ukiitengeneza hiyo lugha ya katikati ili itoshe mashine zote, ama inakuwa pana mno hakuna anayeimaliza, ama inabeba harufu ya mashine moja. Hilo la harufu ulishike, maana utakutana nalo.

Waliofanikiwa walikuwa na tamaa ndogo. Kompaila ya kwanza ya C, ya Dennis Ritchie pale Bell Labs, ilijua PDP-11, mashine ya biti 16. Mwaka 1977 yeye na Steve Johnson wakaihamisha Unix, mfumo endeshi wao, kwenda Interdata 8/32, ya biti 32. Waliitafuta kwa makusudi mashine isiyofanana na PDP-11, ili wajue kwa hakika ni nini kimejificha. Johnson akaandika kompaila mpya iliyotengwa tangu mwanzo, sehemu inayoijua mashine ikakaa peke yake. Ndiyo pcc, na miaka mingi iliyofuata ndiyo iliyokuwa ikibebwa kwenda kwenye mashine mpya.

Ila sikiliza kilichowatesa. Kompaila yenyewe haikuwa mbaya sana. Balaa lilikuwa kwenye programu zilizokuwa zimeandikwa tayari: watu walikuwa wanachanganya kielekezi na `int` kama mtu anayechanganya funguo za nyumba na za gari, kwa sababu kwenye PDP-11 vyote vilikuwa biti 16 na hakuna aliyewauliza. `lint`, ile programu ya kunusa makosa kwenye C, ni ya Johnson huyo huyo na imetokana na kipindi hicho. Na mpangilio wa baiti nao: ukisoma neno UNIX huku kila jozi ya baiti imegeuzwa unapata NUXI, ndiyo maana ugonjwa huo ukapewa jina hilo.

Kwa hiyo `char c` yako imeingia kwenye ukoo mkubwa, usione haya.

---

Nusu_Baiti

Shikamoo Mzee. Nimekaa chini nasoma.

---

Mzee wa Tepu

Marahaba. Endelea kuandika, mimi nipo.

---

Saketi_za_Pwani

Salaam jamaa wote. Mimi ni mtu wa vibodi vidogo, natengeneza mitambo ya kupima maji ya tangi huku Mombasa. Ndugu yangu Nusu_Baiti, ARM64 na x86-64 ni binamu. Zote biti 64, kumbukumbu moja, rejista za kutosha. Ukitaka kujua kompaila yako inaamini nini kimoyomoyo, ipeleke kwenye AVR, ile chipu ya Arduino Uno. ATmega328P ina RAM ya kilobaiti 2. Si megabaiti.

Huko `int` ni biti 16. Kila mwezi kuna kijana huniletea msimbo wa kusubiri dakika moja kwa `1000 * 60`, ananiambia bodi imerogwa. Hakuna uchawi: mwisho wa `int` ni 32767, na 60000 inageuka -5536. Kwenye laptopu yake ilifanya kazi, kwa nini hapa isifanye?

Na ukiingia kwenye mkia wenyewe utacheka. Rejista zipo 32 za biti 8, kwa hiyo `int` moja inakaa kwenye jozi. Agizo la kupakia namba, `ldi`, linakubali rejista kuanzia r16 hadi r31 tu, zile za chini ni kama hazina haki hiyo. GCC inadai r1 iwe sifuri wakati wote, halafu agizo la kuzidisha la chipu hiyo hiyo linamwaga jibu lake kwenye r0 na r1! Basi kila baada ya kuzidisha unaisafisha r1. Ukisahau, programu inaharibika mahali pengine kabisa, mbali na hesabu uliyoifanya.

Tena maandishi. Programu inakaa kwenye flashi (kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika), data kwenye RAM, na anwani zake ni dunia mbili tofauti. Anwani 100 ya huku si anwani 100 ya kule. Kielekezi chako kikisema "mia moja", kompaila inapaswa kujua ni mia moja ya wapi. Usipoonyesha vingine, maneno yote ya kuchapisha yananakiliwa kwenye RAM programu inapoanza, na ile kilobaiti 2 inaliwa na "Karibu" na "Tafadhali subiri".

Sikuambii uende huko leo. Nakwambia `sizeof(int)` iwe swali ambalo kichwa kinamuuliza mkia, isiandikwe 4 popote.

---

Nusu_Baiti

Kaka Saketi, nimetafuta. Namba 4 na 8 zimeandikwa kwa mkono sehemu nyingi kuliko ninavyotaka kusema hadharani. Nimeanza kuzing'oa.

---

Binti Kitanzi

Nimefanya mradi kama huu, wangu ulikuwa x86 na RISC-V, kwa hiyo nakujibu swali lako moja kwa moja: usichore mpaka leo. Andika mkia wa RISC-V kwa kunakili ule wa ARM na kuuharibu, ukimaliza ndipo uchore. Mpaka uliochorwa ukiwa na mashine mbili zinazofanana unakuwa umbo la hizo mbili.

Mfano wangu: nilikuwa na fanksheni `linganisha()` na nyingine `ruka_ikiwa_ndogo()`. Niliona nimetenganisha vizuri, msafi kabisa. Nikafika RISC-V nikakwama.

---

Nusu_Baiti

Dada Binti Kitanzi, umekwama kwa nini? Mimi ninazo hizo hizo mbili, tena kwa majina karibu hayo hayo.

---

Binti Kitanzi

Kwa sababu kati ya kulinganisha na kuruka, matokeo yanakaa wapi? x86 ina bendera, yaani biti ndani ya prosesa zinazokumbuka matokeo ya ulinganisho. ARM64 ina bendera. Unalinganisha, bendera zinapanda, agizo linalofuata linazitazama. RISC-V haina bendera hata moja, waliomba radhi wakaziacha nje. Inalinganisha na kuruka kwa agizo moja: `blt a0, a1, mahali`. Au kama unataka jibu la 0 au 1 mkononi, `slt`. Fanksheni yangu ya `linganisha()` ikiwa peke yake haina cha kutema. Mpaka wangu "usio wa mashine yoyote" ulikuwa x86 iliyovaa kanzu.

Ndiyo harufu anayoisema Mzee.

Nikaziunganisha: `ruka_ikiwa(alama, kushoto, kulia, mahali)`. x86 inatema maagizo mawili, RISC-V moja, kichwa hakijui. Kanuni niliyobaki nayo ni kwamba kichwa kiseme kinataka nini, kisiseme hatua za kukipata.

Na ukigawanya kwa sifuri: x86 inaua programu, ARM64 inarudisha 0, RISC-V inarudisha -1. Kama kuna jaribio lako linalotegemea programu ife, litapita kimya huku likiwa limekosea. Amua lugha YAKO inasema nini, kisha mkia ulazimishwe kutii.

---

Mbishi Halisi

Sawa, hapo nimenyamaza kidogo. Lakini nauliza, hao wakubwa wanafanyaje? Kompaila ya GCC ina mashine chungu nzima, hawawezi kuandika fanksheni kwa mkono kwa kila moja.

---

Binti Kitanzi

Hawaandiki, wanaeleza. GCC ilipotoka 1987 ilikuwa na mashine za VAX na 68020, na tangu hapo kila mashine ina faili lake la `.md`. Ndani yake hakuna programu kwa maana ya kawaida, kuna orodha ya maumbo: "nikiona kujumlisha, rejista na rejista, biti 32, tema hivi." Majina yake ukiyazoea yanasomeka: `addsi3` ni kujumlisha, `si` ni ukubwa wa biti 32, 3 ni idadi ya vishikwa, yaani sehemu zinazohusika: mbili za kujumlishwa na moja ya jibu. Programu nyingine inalisoma faili hilo wakati GCC inajengwa, inazalisha C, na hiyo C ndiyo inayochagua maagizo. LLVM ina TableGen, shauri lile lile kwa lahaja nyingine.

Kilicho kizuri ni kwamba unalinganisha umbo la mti mzima wa hesabu badala ya nodi (tendo) moja moja. Kompaila ya Nusu_Baiti ikiona `a + b*c` inasukuma na kutoa mara sijui ngapi. Yenye maumbo inaona kuzidisha kumekaa chini ya kujumlisha, na kwenye ARM64 hilo ni agizo moja, `madd`. Mashine isiyo nalo haiandiki umbo hilo, inaangukia kwenye mawili ya kawaida.

Kwa kompaila ya mistari elfu mbili usijenge hayo. `switch` inatosha.

---

Nusu_Baiti

Nimerudi baada ya wiki moja na siku mbili. Nimefuata ushauri, nimenakili mkia wa ARM nikauharibu. `linganisha()` imekufa. Gawanyo la sifuri sasa linaua programu kila mahali, nimeweka ukaguzi. `fib(10)` kwenye RISC-V imetoa 55 mara ya kwanza, maana `ra`, rejista ya anwani ya kurudi, ni ndugu wa `x30` na nilishaungua.

Ila kuna jini. Nachapisha namba tu, hakuna hesabu:

```
naandika 1000   inatoka 1000
naandika 3000   inatoka -1096
naandika 5000   inatoka 5000
naandika 7000   inatoka 2904
```

Namba napakia kwa `lui` (inaweka biti za juu) na `addi` (inajumlisha): nachukua biti 12 za chini kwa `%lo` ya asembla nampa `addi`, zilizobaki nazisogeza mwenyewe nampa `lui`. Nimekagua mara kumi. Kwa nini 5000 ipone na 3000 ife?

---

kaa_la_moto

Mimi wa PHP naomba nijaribu. 3000 kutoa -1096, tofauti ni 4096. 7000 kutoa 2904, tofauti ni 4096. Sijui maana yake ila si bahati mbaya.

---

Saketi_za_Pwani

Wallahi huyu wa PHP ameshaimaliza, bado hajajua tu.

---

Binti Kitanzi

Ameimaliza kweli. `addi` inazichukulia biti zake 12 kama namba yenye hasi: -2048 hadi 2047. Ukimpa kipande cha chini kinachofika 2048 na kuendelea, yeye anakisoma kuwa hasi, umepoteza 4096. Biti 12 za chini za 5000 ni 904, salama. Za 3000 ni 3000 yenyewe, za 7000 ni 2904, zote zimevuka.

Dawa: umfidie `lui`. Ongeza 2048 kwenye namba kabla ya kuisogeza kulia biti 12. Hapo kwa 3000 `lui` inapata 1, ambayo ni 4096, `addi` inatoa 1096, umerudi 3000.

---

Nusu_Baiti

3000. 7000. 4095 nayo imetoka 4095. Ahsanteni sana, na kaa_la_moto hamia huku, PHP inakupotezea muda.

---

Mzee wa Tepu

Hongera kijana. Swali dogo. Unatumia asembla, sivyo? Hutemi baiti mwenyewe?

---

Nusu_Baiti

Natumia asembla ya Clang, Mzee. Kwa nini?

---

Mzee wa Tepu

Kuna `li`. Unaandika `li a0, 3000`, asembla inapasua yenyewe.

---

Nusu_Baiti

Wiki nzima, Mzee.

---

kaa_la_moto

Nabaki PHP.